Mtani Haondoki Mikono Mitupu

Asubuhi ile mlango wa maktaba ulikataa kunifungukia.

Ni mlango wa kioo, wa aina ile inayojifungua yenyewe mtu akiukaribia. Hauna kitasa, hauna mlinzi wa kubembeleza. Kazi yake ni moja tu, kukiri kwamba aliyesimama mbele yake yupo. Nilisimama. Nikarudi nyuma, nikasogea tena kwa kishindo, nikapunga mikono kama anayefukuza ndege shambani. Kimya. Akaja msichana mwenye kofia ya manyoya, mlango ukampisha mara moja, nami nikapenya nyuma yake kabla haujajifunga. Hakugeuka. Nikaenda msalani kunawa uso, nikaweka mikono chini ya bomba ambalo nalo hutoa maji likihisi mikono, likakaa kavu. Nikajitazama kwenye kioo cha ukutani. Nilikuwemo, lakini kwa mbali, kama mtu aliyepigwa picha akiwa anaondoka.

Hapo ndipo swali liliponishika, na mpaka leo halijaniachia vizuri. Mtu huwepo kwa nguvu zake mwenyewe, au huwepo kwa ruhusa ya wengine? Nilisomeshwa kwamba nipo kwa sababu nafikiri. Sawa. Lakini nilikuwa nafikiri pale mbele ya mlango, nafikiri sana, nafikiri mpaka kichwa kinauma, na mlango haukujali mawazo yangu. Nani basi ana mamlaka ya kumwambia mtu kwamba yupo? Serikali? Chuo? Mama? Bomba la maji? Usinicheke, msomaji. Siku bomba likikukataa ndipo utajua kwamba hili si swali la darasani.

Jiji hili silitaji jina. Si kwamba ni siri, ni kwamba majira ya baridi yakiingia hulivua jina lake. Theluji hufunika vibao vya mitaa, hufunika majina ya maduka, hufunika hata uso wa saa kubwa ya uwanjani, mishale ikabaki imeganda mahali pamoja. Jua huchungulia mchana kidogo, likaona mambo si yake, likarudi. Watu hupita wamefungwa skafu mpaka machoni, wote wa umbo moja, na wanapopishana huinamisha vichwa kwa adabu kubwa. Niliwahi kuipenda adabu ile. Nilipofika, wakati majani ya miti yalikuwa bado na rangi ya embe bivu, niliwaandikia nyumbani kwamba nimefika kwa watu wastaarabu, hakuna anayekusukuma wala kukuuliza unakwenda wapi.

Kabla ya mlango ule kunikataa ilikuwa imekuja simu ya baba mdogo, Jumanne.

"Semvua, mwanangu, umeshakula?"

Kwetu mlimani mtu hapewi habari nzito akiwa na njaa. Nikajua. Nikasema nimekula, hali sikuwa nimetia kitu kinywani.

"Basi kaa chini," akasema. "Mzee ametutoka. Tumeshamhifadhi jana alasiri. Tusingeweza kukusubiri, na wewe usingeweza kufika. Usijilaumu."

Kwenye ile simu nikawa nasikia mvua ya nyumbani ikigonga bati.

"Watani walikuja?" Sijui kwa nini nililiuliza hilo kabla ya mengine yote.

"Wangekosa?" Sauti yake ikapata uhai kidogo. "Bonde zima lilipanda. Waliingia kaburini, wakavaa kofia ya mzee, wakala chakula cha waombolezaji. Tuliwajibu kila mmoja wetu. Ila wamesema kwako wewe, mtoto mkubwa, bado hawajamaliza. Wamesema hata uwe wapi watakufuata."

Kwa ambaye hakukulia huko, niseme. Babu zetu wa mlimani na babu zao wa bondeni walipigana vita mpaka wakachoka, na walipochoka wakakubaliana badala ya mikuki warushiane maneno. Ndio utani wenyewe. Mtani ana haki ya kukuchukulia kofia barabarani na kukutukana mbele ya wakwe zako, nawe huruhusiwi kukasirika. Unaruhusiwa kujibu tu. Na mtu akifa upande mmoja, wa upande wa pili huja kumwigiza marehemu, huvaa nguo zake, hukohoa kikohozi chake, hulala ndani ya kaburi lililochimbwa na kukataa kutoka. Hatoki mpaka apewe haki yake, kuku au kanga, na juu ya hayo jibu kutoka kinywani mwa mfiwa. Mfiwa asipojibu, mtani hainuki. Na mtani asipoinuka, mzee hazikiki. Kwa hiyo baba yangu alikuwa chini ya udongo, na wakati huohuo, kwa upande wangu, alikuwa bado hajazikwa.

Kesho yake ilikuwa Jumanne.

Ndiyo, Jumanne tena. Na iliyofuata. Saa ya uwanjani haikusogea, simu ya baba mdogo ilikuwa imekuja jana na ilikuwa itakuja kesho, na kila nilipoamka nilikuwa mtu ambaye hajala na anaambiwa akae chini. Sikulia. Nilijaribu. Nilikaa kitandani nikitazama koti la mzee lililoning'inia ukutani, koti la kahawia lenye viraka vya ngozi viwikoni, alilonivulia stendi siku ya safari akisema kwamba baridi ya huko ni ndugu yake na baridi ya mlimani, na koti hili linamjua. Tangu ile simu sikuligusa. Nilitoka bila koti. Nilitembea ua mzima wa bweni, nikageuka kuangalia nyuma, na theluji ilikuwa laini, haina hata unyayo mmoja.

Wenzangu bwenini walikuwa watu wema, na nataka hili lieleweke kabla sijaendelea. Yurik wa chumba cha jirani, anayesomea barafu, yaani kweli kabisa anasomea barafu, alikuwa akipika supu ya viazi na kuiacha mlangoni kwangu. Hakugonga. Aliweka bakuli chini polepole ili lisitoe sauti, akaondoka kwa soksi. Bi Helme, mlezi wa bweni, mama mwenye nywele nyeupe na sauti ya chini, alibandika karatasi sebuleni kuwaomba wote wanipe nafasi. Nao wakanipa. Nilipoingia jikoni walitoka. Nilipopita kwenye korido mazungumzo yalizimwa. Hakuna aliyetaja neno baba mbele yangu. Huo ndio upendo wa kwao, kumzungushia aliyeumia nafasi tupu ili asiguswe, na waliufanya kwa bidii na kwa moyo safi. Nami ndani ya nafasi ile nikawa napungua siku hadi siku, na kila nilivyopungua walizidi kuniongezea nafasi.

Nipo.

Nipo nani? Jina langu lilitamkwa lini mara ya mwisho na kinywa kilichokuwa mbele yangu?

Supu imepoa. Supu haijui kama nipo. Mlango haujui. Theluji inajua kila mbwa aliyepita, inajua kunguru, inanisahau mimi.

Baba alikuwa akinijua. Sasa ile sehemu yangu iliyokuwa kwake imekwenda wapi? Wameizika naye?

Na kama mtu ni jumla ya wanaomjua, basi jumla yangu inatolewa, inatolewa.

Mboza hakuwepo wiki ile. Mboza ni msichana wa bondeni, kwao ni tambarare, joto, minazi na mihogo, na alikuja kusomea ujenzi wa madaraja mwaka uleule niliokuja mimi. Tulikutana siku ya kujiandikisha. Alinisikia nikimwambia karani ninakotoka, akaruka foleni nzima, akanivua glavu mikononi, moja baada ya nyingine, akazivaa yeye.

"Lete hapa," akasema kwa Kiswahili. "Nyie watu wa mlimani si mmezaliwa kwenye ukungu kama uyoga? Glavu za nini?"

Yurik, ambaye nilikuwa nimemjua asubuhi hiyohiyo, alitaka kumwita mlinzi. Alidhani ameona wizi. Mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi, maana katika nchi ile yote hakuwepo aliyekuwa na haki ya kuninyang'anya kitu, na sasa amepatikana mmoja. Nikamwambia Mboza kwamba avae tu, watu wa bondeni wakisikia upepo wa feni huandika wosia. Akanipiga ngumi ya bega. Tangu siku hiyo hakuna asubuhi iliyopita bila kutukanana, na sijapata rafiki wa kumpenda kama yule. Nilimpenda kwa namna alivyotembea katika nchi isiyo yake kana kwamba ameirithi. Nilimpenda alivyokuwa akitetemeka kuliko sisi wote, mtoto wa jua yule, midomo ikimkauka na pua ikimtiririka, na bado wa kwanza kutoka nje kila kukicha. Lakini majira ya baridi yalipoiva, chuo kilimpeleka mji mwingine kwa mafunzo ya vitendo, kwenye daraja linalojengwa juu ya mto ulioganda. Simu yangu nilikuwa nimeizima. Ningemwambia nini?

Kumbe alishaambiwa.

Ilikuwa mchana, wakati ule jua linapochungulia. Korido ilikuwa kimya kama kawaida yake. Nilikuwa nimekaa kitandani na bakuli la supu mapajani, sijui kama lilikuwa la Jumanne hii au ile, nikasikia viatu vizito vikipanda ngazi kwa fujo, halafu sauti ambayo haikuwa imeshushwa hata kidogo.

"Nani kafa humu?"

Milango ikafunguka kote koridoni. Wangu haukugongwa, ulisukumwa. Mboza alikuwa amesimama kizingitini na theluji mabegani, mkoba bado mgongoni, pua nyekundu.

"Nimeuliza nani kafa. Nasikia kuna kizee kimoja cha mlimani kimejifia kwa uvivu wa kupumua. Ni kweli?"

Nikaliweka bakuli sakafuni.

"Shangazi kanipigia simu kutoka bondeni," akaendelea, sasa anawahutubia wote, nusu kwa Kiswahili nusu kwa lugha ya jiji. "Kaniuliza, wewe si uko huko na mtoto wa marehemu? Nikasema niko naye. Kasema basi sisi tumemaliza kwa ndugu zake, wewe ndiye tuliyekutuma kwa huyo. Usirudi mikono mitupu, utatuaibisha. Haya, nimefika. Koti la marehemu liko wapi?"

Akaliona. Akalitungua ukutani, akalivaa juu ya koti lake, likamfika magotini. Yurik alikuwa amejipenyeza mlangoni, uso umemwiva.

"Mboza, inatosha," akasema. "Baba yake amefariki."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

"Huoni hali yake? Sisi hapa tunanong'ona, wewe unamfanyia mzaha!"

"Na kunong'ona kwenu kumemsaidia nini?" Alisema bila hasira. "Mtazame. Mimi nauona ukuta kupitia kifuani kwake."

Akateremka ngazi. Sikuwa nimeamua kumfuata, miguu ndiyo iliyoamua. Bweni zima likateremka nyuma yetu. Uani, mahali ambapo Bi Helme hulima maua wakati wa joto, theluji ilikuwa imefika kiunoni. Mboza alichukua beleshi la kuzolea theluji lililoegemezwa ukutani, akaanza kuchimba. Alichimba kama anavyofanya kila kitu, kwa vipimo, pembe zimekaa sawa, marefu ya mtu mzima, ukingo umenyooka. Alipomaliza alipangusa pua kwa mkono wa koti la baba yangu, akaingia ndani, akalala chali.

"Aaa," akasema. "Pazuri. Pana nafasi. Mimi sitoki."

Ninaiandika picha hii na moyo unanijaa hata sasa. Mtu wa bondeni amelala ndani ya theluji. Mtu ambaye kwao maji ya mtungi huitwa baridi. Nimesoma vitabu vingi vinavyouliza mamlaka ni nini, na vingi hujibu kwamba ni uwezo wa kumlaza mwingine chini. Sijaona kinachomtaja anayelala chini yeye mwenyewe, kwa hiari yake, ili mwingine alazimike kusimama. Mboza hakuwa na cheo, hakuwa na silaha wala pasipoti nzuri. Alikuwa na haki moja tu aliyopewa na wazee wa pande mbili waliochoka kuuana, na aliivuka nchi iliyoganda kuja kuitumia juu yangu. Nikimkumbuka pale shimoni huwa naona aibu kwa kila mtu aliyewahi kuniambia kwamba mila zetu hazina kazi tena.

Bi Helme alikuja mbio, shali imemponyoka bega moja.

"Binti, toka humo," akasema. "Utaganda. Hii si michezo. Nitawaita walinzi."

"Waite, mama. Na wao nitawaeleza hivihivi." Meno yalishaanza kumgongana. "Mimi ni mtani. Sitoki mpaka nipewe changu."

"Chako nini?"

Yurik akachutama kando ya shimo. Alikuwa ameanza kuelewa kwamba hapa kuna jambo, ila hakujua ni lipi, akavua kofia yake na kumpa. Mboza akaisukuma. Yurik akatoa chokoleti mfukoni.

"Kaka, asante, lakini mfiwa si wewe," Mboza akamwambia. "Mfiwa ni huyo hapo aliyesimama kama mgomba uliokatwa. Nataka jibu lake. Nimemtukana baba yake, anijibu. Asiponijibu nalala hapahapa mpaka maua ya mama huyu yaote juu yangu."

Wote wakanigeukia. Sijui tangu lini sikuwa nimetazamwa na macho mengi namna ile. Nikajua kinachotakiwa, nikajua maneno ni machache tu, mtoto wa kwetu wa darasa la kwanza anayajua. Na sikuweza. Kulikuwa na neno moja nililolilinda Jumanne zote zile kwa sababu niliamini likitoka nitatoka nalo.

"Mnakula viazi mpaka mnaota mashina," Mboza akasema kutoka shimoni. "Mnatembea mmepinda magoti hata kwenye sakafu, mnadhani dunia yote ni mteremko. Kuoga kwenu ni habari ya kusikia redioni." Akapumzika. Sauti ilikuwa imepungua. "Nijibu, Semvua."

Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Jua likaanza kurudi lilikotoka. Bi Helme akamshika Yurik mkono, akamwambia amtoe kwa nguvu, na Yurik akainama. Mboza akainua kiganja kumzuia.

Kisha akafunga macho, na alipoyafungua hakuwa Mboza.

Alikohoa mara mbili, kikohozi kile kikavu cha mtu anayegonga hodi kabla ya kuingia kwenye maneno yake mwenyewe. Akapeleka mkono kwenye sikio la kushoto, akalivuta taratibu kwa chini, kama anayelikumbusha kazi. Akatazama kuta za theluji kulia, akatazama kushoto, akakunja uso kwa namna ya fundi asiyeridhika.

"Haya basi, tuone," akasema. Na halafu, kwa upole, "Semvua. Umeshakula?"

Nakuapia alikuwa baba yangu. Sisemi alifanana naye. Alikuwa amelala mle ndani na koti lake, na viraka vya viwiko vimeshika theluji, amechoka kidogo, anasubiri, hana haraka wala lawama. Nikajua kwamba nikinyamaza ataendelea kulala pale na kunisubiri, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, mtu wa kusubiri. Na chini ya uso wake nikauona uso wa pili unaobadilika rangi. Nilikuwa na watu wawili ndani ya kaburi moja, mmoja nisiyeweza kumtoa na mmoja ninayeweza.

"Toka humo!" nikapiga kelele.

Sauti yangu ilinigutua mwenyewe. Kunguru waliruka kwenye paa.

"Toka humo, mtu wa bondeni! Nani kakwambia kaburi la mlimani linamtosha mtu wa kwenu? Hata kulala chali hamjui, mmezoea kulala ubavu mkisubiri mhogo uive! Nyie mkiona ukungu mnapiga mayowe kwamba nyumba inaungua! Baba yangu alishuka kwenu siku moja tu, akarudi na malaria, akatuambia malaria ilikuwa na adabu kuliko wenyeji!"

"Ehee," ikasema sauti kutoka shimoni. "Endelea."

"Baba yangu hawezi kulala na mtu anayekoroma kama mashine ya kusaga! Baba yangu alikuwa mtu msafi! Baba yangu akilima mtaro maji yenyewe yanasema asante! Baba yangu..."

Na hapo ndipo lilipotoka. Nilikuwa nimelitamka neno lile, baba, mara tano, mimi ambaye Jumanne zote zile sikuwa nimelitamka hata mara moja, na la tano halikuwa tena la matusi. Nilipiga magoti kwenye theluji nikalia. Nililia kwa sauti, kama wanavyolia wanaume wa kwetu, bila kuficha uso. Machozi yalikuwa ya moto mpaka nikashangaa, sikujua nimebakiwa na joto kiasi kile.

Hakuna aliyeondoka kunipa nafasi.

"Hapo sasa," Mboza akasema taratibu. "Nimepata changu. Mzee alale salama. Nivuteni basi, miguu siisikii."

Tulimvuta mimi na Yurik, mmoja kila mkono. Alikuwa mzito na anatetemeka vibaya, nikamkumbatia ndani ya koti la baba tukawa watu wawili katika vazi moja. Bi Helme alikuwa bado amesimama ukingoni mwa shimo, analitazama.

"Mume wangu alipokufa," akasema, na sikuwahi kujua kwamba alikuwa na mume, "kila mtu alininyamazia. Mwaka mzima. Walikuwa wema sana." Akajifunika shali vizuri. "Binti, mtu anaweza kumpata wapi, huyo mnayemwita mtani?"

"Kwenu ni mlimani au bondeni?" Mboza akauliza kupitia meno yanayogongana.

"Kwetu ni tambarare tupu."

"Hata hivyo tutakutafutia, mama. Huwezi kuachwa hivihivi."

Tukaelekea bwenini, polepole. Nyuma yetu theluji ilikuwa imevurugwa vibaya, nyayo za watu na alama za magoti yangu mawili, wazi kabisa. Mlango wa bweni nao ni wa kioo, wa ukoo uleule na ule wa maktaba. Ulifunguka tukiwa bado mbali.

"Umenifungukia mimi," Mboza akasema. "Wewe umepita kwa ujanja."

"Umefunguka kupisha harufu yako," nikamjibu.

Jikoni tulimkalisha kwenye kiti, tukampa beseni la maji ya uvuguvugu aweke miguu. Yurik alichemsha chai, akaweka tangawizi aliyoifuata chumbani kwa Mboza bila kuomba ruhusa, akaniangalia kwa jicho la kuuliza kama hivyo ndivyo inavyofanywa. Nikamwambia anajifunza haraka. Akakaa karibu yangu, bega kwa bega, akasema kesho Jumatano maktaba inafunguliwa mapema, twende wote. Nikarudia moyoni neno Jumatano. Lilikuwa na ladha ya kitu kipya.

Nilikula supu mabakuli mawili. Rangi ilipoanza kumrudia Mboza midomoni nikamuuliza swali lililokuwa linanikereketa tangu uani.

"Mzee ulimjulia wapi?"

"Mzee gani?"

"Baba. Kile kikohozi. Kuvuta sikio. Lile neno, haya basi, tuone. Alikuja bondeni ukiwa mdogo? Kuna mtu alikuonyesha?"

Mboza alinitazama, kikombe mdomoni, kama anayepima kama namtania. Halafu akacheka, cheko lile la kwao lisilojua ukuta wala jirani, maji yakaruka kwenye beseni.

"Mimi nimwonee wapi baba yako?" akasema. "Picha yake sijawahi hata kuiona. Nilikuwa nakuiga wewe."

Nikakohoa, mara mbili, nikitafuta la kumjibu. Yurik akaniangalia, kisha akamwangalia Mboza, akaanza kutabasamu. Nikataka kuuliza wanacheka nini, ndipo nikauona mkono wangu. Ulikuwa umeshika sikio la kushoto.